Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Viazi, Dawa ya Kumbukumbu na Kimeng'enya Kimoja cha Ubongo

Barua tano za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Waandishi wake hawafahamiani, wala hakuna aliyejua mwenzake ameuliza nini, lakini zote zinazunguka kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemikali mwilini, kiitwacho asetilikolinesterasi. Nimezipanga kwa namna ambayo jibu moja litaliegemea lililotangulia, kwa hiyo msomaji wa barua ya tatu asikasirike nikimrudisha kwenye ya kwanza.

Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Umalila, mkoani Mbeya. Kila msimu napulizia dawa ya ukungu na dawa ya wadudu kwa bomba la mgongoni. Zamani nikimaliza kupulizia ile ya wadudu kichwa kilikuwa kinauma, mate yanajaa mdomoni, macho yanaona ukungu na kope zinachezacheza. Siku hizi hali hiyo imepungua sana, nami najihesabu kuwa nimeshazoea. Kijana wangu aliye chuoni ananiambia dawa hiyo inaharibu kimeng'enya cha ubongo na kugusa hata jeni zake. Wenzangu wanasema ukinywa maziwa sumu inakufa. Nani mkweli?
*Mkulima, Umalila*

Kijana wako ameshika sehemu kubwa ya ukweli, ila amebeba kwa pamoja mambo mawili ambayo nitayatenganisha katika jibu la barua inayofuata. Wenzako wa maziwa wamekosea.

Tuanze kwa kuzitenga dawa zenyewe. Dawa ya ukungu unayopulizia dhidi ya mnyauko wa majani, ambayo aghalabu huwa na mankozebu, ina madhara yake, lakini haikishiki kimeng'enya tunachokizungumzia. Kinachokishika ni dawa ya wadudu ikiwa ni ya kundi la oganofosfeti, kama klopairifosi na profenofosi, au ya kundi la kabameti, kama methomili. Jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa halitakueleza jambo hilo, kwa hiyo tafuta kwenye kibandiko yale maandishi madogo yanayotaja kiambato chenyewe, na kama kibandiko kimechanika au dawa imepimiwa kwenye chupa ya soda, usiinunue.

Neva moja inapotaka kuipa nyingine taarifa, au kuuamuru msuli ujikunje, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini katika upenyo mwembamba unaozitenganisha. Kemikali hiyo ikishafikisha ujumbe lazima iondolewe papo hapo, la sivyo amri ile ile itaendelea kusomwa tena na tena. Anayeiondoa ni asetilikolinesterasi, ambayo huikata vipande viwili, asetati na kolini, kwa kasi isiyo ya kawaida hata miongoni mwa vimeng'enya, kwani molekuli yake moja hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini katika sekunde moja. Ifikirie kama mashine ya kusaga ya kijijini isiyojua foleni, kwa sababu kila debe linalofika husagwa kabla la pili halijatuliwa kichwani. Oganofosfeti ni jiwe linaloingia mahali pa mahindi na kukwama kwenye meno ya mashine. Mashine ipo, mkanda upo, mwenye mashine yupo, lakini haisagi, na magunia yanarundikana hadi barabarani. Mrundikano huo wa asetilikolini ndio uliokujaza mate, ukazibana mboni zako mpaka ukaona ukungu, ukazichezesha kope. Na ukizidi, huleta kuhara, kutapika, kifua kujaa majimaji, misuli kulegea na hatimaye pumzi kukatika.

Kwa kabameti jiwe hulegea na kutoka lenyewe, kwa kawaida ndani ya saa chache. Kwa oganofosfeti mambo ni mengine, kwa maana kifungo chake na kimeng'enya hubadilika kadiri muda unavyopita na kuwa kigumu zaidi, hata dawa za hospitali za kundi la oksimu, ambazo kazi yake ni kulichomoa jiwe, zikichelewa hazifui dafu. Atropini, ambayo ndiyo tegemeo la kwanza la daktari, hailigusi jiwe kabisa. Huziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazousoma ujumbe, ili asetilikolini iliyorundikana isisikike, mgonjwa apate kupumua wakati mwili unatengeneza kimeng'enya kingine.

Sasa maziwa. Hayo huenda tumboni, ilhali sumu yako iliingia zaidi kwa ngozi, kupitia mgongo uliolowa kwa bomba linalovuja na kupitia lile koti zito la baridi ya Umalila, ambalo mtu hupulizia nalo asubuhi na kulivaa tena jioni akiota moto na watoto. Hakuna tone la maziwa litakaloufikia upenyo wa neva na kulitoa jiwe. Isitoshe, baadhi ya dawa hizi, klopairifosi ikiwamo, haziwi na ukali wake wote zinapoingia mwilini, bali ini ndilo huzigeuza kuwa umbo kali zaidi, na ndiyo sababu mtu anaweza kutoka shambani akiwa mzima na kuanza kuugua akiwa nyumbani, baada ya kuyanywa hayo maziwa na kuamini kwamba yamemkinga.

Lakini neno lililonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako ni "nimeshazoea". Wanyama wa maabara waliopewa oganofosfeti kidogo kidogo kwa muda mrefu huonyesha jambo hilo hilo: dalili hupungua, na mtazamaji akadhani mwili umeishinda sumu. Wakipimwa, kimeng'enya cha ubongo bado kiko chini vile vile. Kilichobadilika ni kwamba neva zimepunguza idadi ya vipokezi vya asetilikolini ili zisisumbuliwe na kelele zisizokwisha, kama mtu anayejiziba masikio huku king'ora kikiendelea kulia. Kwa hiyo mtu aliyezoea anaweza kuwa anapulizia akiwa na akiba ndogo ya kimeng'enya kuliko yule mgeni anayetapika siku ya kwanza, na kipimo kidogo cha ziada kikamwangusha.

Njia ya kujua ni damu. Chembe nyekundu za damu zina asetilikolinesterasi inayotokana na jeni ile ile ya ubongo, hivyo hutumika kama dirisha la kuchungulia mahali tusipoweza kufika kwa sindano. Tatizo ni kwamba kiwango cha kawaida hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kipimo kimoja kilichochukuliwa katikati ya msimu kinaweza kusema uko sawa kumbe umeshapoteza theluthi. Inafaa upimwe kabla ya msimu, wakati hujagusa dawa kwa muda mrefu, halafu upimwe tena baadaye na ulinganishwe na wewe mwenyewe. Jimbo la California nchini Marekani huwalazimu waajiri kumwondoa mfanyakazi kwenye dawa hizi iwapo kimeng'enya cha chembe nyekundu kimeshuka hadi 70% ya kiwango chake mwenyewe, asirudi mpaka kimefika tena 80%. Uliza hospitali ya rufaa kama wanakipima, na ukienda kwa ajili ya dalili, beba chupa ya dawa yenye kibandiko chake. Kabla ya hapo vua nguo zote zilizolowa na uoge kwa sabuni na maji mengi. Hilo lina faida kuliko chochote utakachokunywa.

Shikamoo mtaalamu. Nasoma kidato cha 6, mchepuo wa PCB, mjini Njombe. Vitabu vyetu vinaeleza jinsi kemikali inavyozuia kimeng'enya kilichokwisha kutengenezwa. Je, kemikali inaweza pia kubadilisha udhihirikaji wa jeni, yaani kiasi cha kimeng'enya kinachotengenezwa? Na ikiwa inaweza, je, huko si kubadilisha jeni?
*Mwanafunzi, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo lililompotosha yule kijana wa Umalila, kwa hiyo nalijibu kwanza. Jeni ya asetilikolinesterasi iko kwenye kromosomu ya 7, na kubadilika kwa udhihirikaji wake hakuhitaji herufi hata moja ya DNA ibadilike. Rudi kwenye mashine ya kusaga. Kuzuia ni jiwe lililokwama. Udhihirikaji ni oda anayopewa fundi: atengeneze mashine ngapi, za aina gani, zifungwe wapi. Mchoro wa fundi unabaki ule ule kabatini, hata kama leo ameagizwa mashine 2 na kesho 20.

Kemikali zinaigusa oda hiyo, tena kwa namna ya kustaajabisha. Mwaka 1998 Daniela Kaufer, Hermona Soreq na wenzao katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walichapisha katika jarida la *Nature* majaribio waliyofanya kwa panya. Waliwatia baadhi ya panya katika msongo kwa kuwalazimisha kuogelea, na kwa upande mwingine wakatumia dawa zinazozuia asetilikolinesterasi. Njia zote mbili zilileta badiliko la aina moja, ambalo liliendelea kuonekana baada ya kichocheo chenyewe kupita. Nakala za RNA, yaani karatasi za oda zinazotolewa kutoka kwenye jeni, za jeni ya asetilikolinesterasi ziliongezeka, huku zile za jeni zinazohusika na kuitengeneza asetilikolini na kuifungasha zikipungua. Kwa maneno mengine, ubongo ulipoona magunia yamerundikana uliagiza mashine zaidi na wakati huo huo ukawaambia wakulima wapunguze kuleta mahindi. Watafiti walilisoma jambo hilo kama breki ya kutuliza neva zilizochachamaa.

Hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi naliona zuri kuliko yote katika habari hii. Mashine zilizoagizwa hazikuwa za aina ile ile. Unajua kwamba nakala ya RNA hukatwa na kuunganishwa kabla haijasomwa, na kwamba mahali pa kukata pakibadilika, protini inayotoka nayo hubadilika. Asetilikolinesterasi ya kawaida ya ubongo hujiunga nne nne na kushikizwa kwenye utando wa seli kwa protini nyingine iliyo kama nanga, ili ikae pale pale ujumbe unapopita. Baada ya msongo au baada ya sumu, ukataji hugeuka na kutoa kwa wingi aina nyingine, ambayo kwa kawaida ni adimu, isiyo na mkia wa kujiunga na wenzake wala kushikwa na nanga. Hiyo huelea peke yake. Inasaga, ndiyo, lakini ni mashine iliyowekwa uwanjani bila kufungwa misumari, na haishiki nafasi ya ile iliyozibwa. Usidhani, basi, kwamba kuongezeka kwa udhihirikaji ni sawa na kupona; oda ikiendelea kutekelezwa wakati sumu imeshaondoka, asetilikolini inaweza kukatwa kupita kiasi, nayo ndiyo kemikali ambayo ubongo unaihitaji katika kujifunza na kukumbuka.

Kuna kipande kingine ambacho utakipenda kwa kuwa unasoma biolojia. Nimemweleza ndugu wa Umalila kwamba chembe nyekundu ya damu ni dirisha la ubongo. Dirisha hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe ni ya udhihirikaji. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina jeni ya kuagizia. Kimeng'enya chake kikizibwa na oganofosfeti, kitabaki hivyo mpaka chembe yenyewe ife, na chembe huishi siku zipatazo 120. Aliyepoteza nusu ya kimeng'enya cha chembe zake atahitaji takriban miezi minne kukirudisha chote. Seli ya neva ina kiini na huanza kutengeneza kipya mapema. Plazma, yaani majimaji ya damu, nayo ina kimeng'enya cha ndugu, butirilikolinesterasi, kinachotengenezwa na ini kutokana na jeni nyingine kabisa, iliyo kwenye kromosomu ya 3, nacho hurudi ndani ya wiki chache. Ndiyo maana mtu yule yule anaweza kupewa majibu matatu yasiyolingana kuhusu sumu ile ile, na maabara yote yakawa sahihi. Ukipewa swali la namna hiyo kwenye mtihani, uliza kwanza: tishu hii ina uwezo wa kuagiza?

Baba yangu, mwenye miaka 78, anaishi nami Mafinga na amepewa donepezili kwa ajili ya kumbukumbu. Jirani mwenye elimu ya kilimo ameniambia dawa hiyo inafanya kazi sawasawa na sumu ya wadudu. Tangu hapo nasita kumpa. Je, nimwachishe?
*Binti wa mgonjwa, Mafinga*

Usimwachishe kabla hujaongea na daktari aliyemwandikia. Jirani yako hakusema uongo, lakini amekuachia nusu ya maneno.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, neva zinazotoa asetilikolini hufa, na ujumbe unakuwa hafifu. Kwa kuwa hatuna njia rahisi ya kuongeza mahindi, tunapunguza kasi ya mashine ili hayo machache yakae muda mrefu kidogo. Donepezili huingia kwenye meno ya mashine na kutoka tena, haijifungi kama oganofosfeti, na kipimo chake cha miligramu 5 au 10 kwa siku kimechaguliwa ili kizuie sehemu tu ya kimeng'enya. Ndugu zake wana historia inayoanzia Afrika. Maharage ya Calabar, katika Nigeria ya leo, yalitumiwa zamani kwa kiapo: mshukiwa aliyanywa, na aliyekufa akahesabiwa mwenye hatia. Kemikali yake, fizostigimini, ilitenganishwa mwaka 1864. Ikatumika kutibu shinikizo la jicho, ikawa kielelezo cha viuatilifu vya kabameti, na rivastigimini, ambayo nayo hutumika kwa kumbukumbu, ni ya ukoo huo huo. Tunda ni moja. Kinachotofautisha ni mkono na kipimo.

Kuhusu oda ya jeni niliyomweleza mwanafunzi wa Njombe, ipo hapa pia. Kwa wagonjwa wanaotumia donepezili, kiasi cha protini ya asetilikolinesterasi katika maji ya ubongo na uti wa mgongo kimeonekana kupanda, kana kwamba ubongo unajibu kwa kuongeza mashine. Dawa haiponyi ugonjwa, na usikate tamaa ukiona faida yake ni ndogo au inafifia baada ya muda.

Mambo mawili ya nyumbani. Vidonge vya mafua na mzio ambavyo wengi huviita piritoni huziba vipokezi vile vile ambavyo donepezili inajaribu kuvifikishia ujumbe, kwa hiyo kumpa vyote viwili ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Mwombe mfamasia kitu kingine. Na akitakiwa kufanyiwa upasuaji, mtoa dawa ya usingizi aambiwe mapema, kwa sababu kuna dawa ya kulegeza misuli, suksamethoniamu, ambayo huondolewa mwilini na kimeng'enya cha ukoo huu na inaweza kukaa muda mrefu kuliko inavyotarajiwa. Onyo hilo la mwisho limhusu pia mkulima aliyetoka kupulizia.

Tunalima tumbaku Chunya. Tukivuna majani yenye umande tunapata kizunguzungu na kutapika, hata kama hatujapulizia dawa kwa wiki nyingi. Ni sumu iliyobaki kwenye majani?
*Wavunaji, Chunya*

Kwa maelezo yenu, mshukiwa wa kwanza ni tumbaku yenyewe. Nikotini huyeyuka kwenye umande na kupenya ngozi ya mikono na nguo zilizolowa. Haikigusi kimeng'enya cha asetilikolinesterasi. Huenda moja kwa moja kwenye baadhi ya vipokezi vya asetilikolini na kujifanya yenyewe ndiyo ujumbe. Kwa hiyo dalili zinafanana na za dawa ya wadudu, ingawa mashine ya kusaga ni nzima kabisa. Vuneni umande ukishakauka, au vaeni glavu na nguo isiyopitisha maji, na mbadilishe nguo mara zinapolowa.

Mmoja wenu ameongeza kwamba wavutaji sigara hawaugui sana. Ni kweli, kwa kuwa miili yao imeshazoea nikotini, na inafaa mwanafunzi wetu aisome sehemu hii. Ubongo wa mvutaji una vipokezi vingi zaidi vya nikotini kuliko wa asiyevuta, lakini majaribio ya panya yameonyesha kuwa ongezeko hilo linaweza kutokea bila nakala za RNA kuongezeka. Idadi ya kitu ikipanda si lazima jeni iwe imeagizwa zaidi. Moshi nao una kemikali nyingine: mwaka 1996 Joanna Fowler na wenzake wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walipiga picha za ubongo na kukuta kimeng'enya kingine, monoamini oksidesi B, kikiwa pungufu kwa 40% kwa wavutaji, na upungufu huo hausababishwi na nikotini. Kwa hiyo sigara isichukuliwe kuwa kinga ya mavuno.

Mimi ni mama wa Mbozi. Je, dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi nayo inashika kimeng'enya hicho? Na pareto je?
*Mama, Mbozi*

Dawa nyingi za unga dhidi ya dumuzi, wanaoitwa pia skania, zina vitu viwili: pirimifosi-methili, ambayo ni oganofosfeti na inakishika, na permethrini, ambayo haikishiki. Changanyia nje, mahali penye upepo na upepo ukiwa mgongoni, ukiwa umefunika pua, mdomo na mikono, na usifanye kazi hiyo ukiwa na mtoto mgongoni, kwa sababu mtoto mchanga ana uwezo mdogo wa kuivunja sumu hii. Pareto, ile inayolimwa Umalila na kusindikwa Mafinga, huvuruga milango ya sodiamu kwenye neva za mdudu, si kimeng'enya. Na mifuko isiyopitisha hewa haihitaji dawa yoyote. Wadudu humo hukosa oksijeni, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri na mfuko usitobolewe na panya.